Mkono wa Pole, na Siku Tisa Mbele ya Mji wa Kale

Mmeniuliza barazani, mmeniuliza Marikiti, na mmoja wenu aliniuliza nikiwa natia udhu, maji yakiwa bado mdomoni. Kila nikianza kusimulia, Bhai Murtaza hutokea na kunikatiza, na katika masimulizi yake yeye ndiye aliyeshika usukani. Hakushika usukani. Alishika ndoo. Kwa hiyo nimeamua kuandika, maana kwenye karatasi hakuna wa kunikatiza. Elimu yangu iliishia darasa la saba, na kazi yangu mnaijua, nashona maturubai na vivuli vya maduka. Mkikuta kosa, lishoneni wenyewe.

Mwaka ule wa barakoa ulinikuta Madagaska. Nilikuwa nimekwenda na Bi Inga, mwalimu mstaafu kutoka Denmark, mwenye mashua ya matanga, zile za starehe ambazo watu huishi ndani yake kama nyumba. Alifika Mombasa matanga yake yamechanika, nikamshonea, akaniomba nifuatane naye miezi mitatu, nishone na nipike. Nikakubali. Nikiwa huko, dada yangu Rukia akafariki hapa nyumbani. Rukia ndiye aliyenilea tangu mama yetu atutoke, mimi nikiwa na miaka sita. Ilikuwa presha, si ile homa. Tafadhali msianze.

Mazishi yalinipita. Basi nikataka jambo moja tu, niwe nyumbani siku ya arobaini, hitma yake isomwe na mimi nimeketi jamvini pamoja na watu.

Nosy Be: abiria wa tatu

Shangazi Zuhura alinipigia simu siku ya pili ya msiba, mashua yetu ikiwa Nosy Be, kisiwa cha Madagaska. Desturi yetu mnaijua. Akaniuliza habari, nikasema njema. Nikamuuliza za huko, akasema njema. Akauliza bahari, nikasema imetulia, alhamdulillahi. Nikauliza hali ya Rukia.

"Njema, mwanangu," akasema, "ila tumemzika jana."

Nikakaa juu ya rundo la kamba. Bi Inga alikuwa akipaka rangi mlango. Kiswahili alijifunza kwa kitabu cha zamani sana, na huzungumza kama mtu anayesoma tangazo la serikali. Akaja akasimama mbele yangu.

"Bwana Swaleh, naona uso wako umebadilika. Je, umepatwa na jambo?"

Nikamwambia. Akashuka chini, akarudi na kopo la samaki. "Kwetu," akasema, "mtu akifiwa, lazima ale." Samaki mwenyewe ni mbichi, amelowekwa kwenye siki na sukari. Nilimla wote. Rukia angecheka mpaka ashike ukuta.

Ndege zilikuwa zimesimama, na mashua nazo zilizuiwa kuondoka. Mambo ya karatasi nayaruka, kwa sababu hata wakati ule sikuyaelewa. Niseme tu kwamba ruhusa ilipatikana siku ya kumi na saba ya msiba wangu. Siku zote nimezihesabu kwa msiba. Kalenda nyingine sikuwa nayo.

Jioni kabla hatujang'oa nanga, mtu akatokea ufukweni akikimbia. Alivaa barakoa mbili, kioo cha plastiki usoni, na glavu za kuoshea vyombo, na kwapani alibana gunia. Alikuwa Bhai Murtaza, mwenye duka la viungo pale Ndia Kuu. Alikuja kununua vanila, mipaka ikafungwa nyuma yake.

"Swaleh! Nimeuona mgongo wako kwa mbali, nikasema huu mgongo wa Mji wa Kale!"

"Bhai Murtaza, masalkheri."

"Kheri gani? Mwezi wa nne huu nala ndizi! Mna nafasi?"

Bi Inga akamtazama. "Bwana, je, umewahi kusafiri kwa matanga?"

"Mama, babu yangu alikuja kutoka Kachi, Bara Hindi, kwa matanga. Bahari imo damuni mwangu."

Damu haikumfaa kitu. Hatujatoka ghubani, akaomba ndoo.

Na pale pale upepo ukatunyang'anya bendera ya manjano. Ni bendera ambayo kila chombo kigeni hupandisha kikifika bandarini, maana yake sisi bado hatujakaguliwa afya, tunaomba kuingia. Mwaka ule, kufika bila bendera hiyo ilikuwa kama kuingia harusini bila nguo. Bi Inga akaniuliza kama naweza kushona nyingine. Kitambaa cha manjano kilikuwa kimoja tu mashuani mwetu, nacho ni leso yangu ya kujifunika, aliyonipa Rukia siku ya kuondoka kwa sababu muuzaji alimwapia kwamba rangi haitoki. Sikuweza kuitia mkasi. Nikaipinda ukingo, nikaitia kamba, nikaipandisha nzima, pamoja na maua yake, korosho zake na maandishi yake: HATA UKINUNA, MUME NI WANGU.

Maore: wanaume wawili watuhumiwa

Siku mbili baadaye tuliwasili Maore, kisiwa kinachotawaliwa na Wafaransa, kwa sababu tangi letu la maji lilikuwa linavuja na mkanda wa injini umekatika. Hatukutia hata nanga. Boti ya kijivu ilitufuata, ndani yake wanamaji watatu wa Kifaransa. Mmoja akainua darubini, akaisoma leso yetu kwa muda mrefu. Akauliza maandishi yale ni lugha gani na yanasema nini. Bi Inga hajui mzaha, akamtafsiria neno kwa neno. Yule kijana akaandika yote kwenye daftari.

Kisha akauliza swali. Bi Inga akatugeukia.

"Wanataka kujua mume yuko wapi."

"Mume gani?"

"Huyo aliyetajwa. Kwenye orodha ya abiria hayumo."

Bi Inga ni mjane wa miaka kumi na moja, akawaeleza hivyo. Wakanitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Wakamtazama Bhai Murtaza, naye akainua ndoo kama ngao.

"Mimi nina mke Mombasa! Waambie, mama! Nina mke, na ana ndugu watano!"

Tulifukuzwa kwa heshima. Maji walisema tukatafute mbele, lakini walituhurumia wakaturushia mikate kumi na miwili, ile mirefu kama mpini wa jembe. Miwili ikaingia baharini. Mmoja ulimpiga Bhai Murtaza kwenye kioo chake cha plastiki, na hapo ndipo nilipokubali kwamba kile kioo kilikuwa na faida.

Ngazija: siku nane za njema

Siku ya ishirini na mbili tulitia nanga Moroni. Walikubali kutupa maji na kututafutia mkanda wa injini, mradi mguu wetu usikanyage nchi na mtu wao asikanyage chombo chetu. Aliyepewa kazi ya kutuhudumia alikuwa Mze Soilihi, kinyozi, mwenye kigalawa chembamba na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo. Aliwahi kuishi Unguja miaka mingi, hivyo Kiswahili kilikuwa kinamtoka vizuri kuliko mimi. Sheria ilikuwa moja, asikaribie zaidi ya urefu wa upondo wake. Vitu alivitundika kwenye ncha, akatunyoshea kama mtu anayetungua maembe.

Mkanda ulichukua siku nane. Wa kwanza ulikuwa wa mashine ya kukoboa mpunga. Wa pili ulikuwa wa ile ile mashine.

Saluni zilikuwa zimefungwa, na Mze Soilihi alikuwa hajagusa kichwa cha mtu kwa miezi. Kila asubuhi alikitazama kichwa cha Bhai Murtaza kwa uchungu. Siku ya tano akashindwa kuvumilia.

"We Swaleh, si fundi wa mkasi wewe?"

"Mkasi wa turubai, mzee."

"Mkasi ni mkasi. Mkalishe. Nitakuelekeza."

Basi nikamnyoa Bhai Murtaza, huku kinyozi yuko umbali wa upondo, amesimama kigalawani akipiga kelele. "Kushoto! Kushoto kwake, si kwako! Sawazisha! Umeacha kichaka hapo nyuma ya sikio! Taratibu, hicho si kivuli cha duka!" Wavuvi wawili walisimama kutazama. Mmoja wao alifumba macho. Tulipomaliza, Bi Inga akamletea Bhai Murtaza kioo, na Bhai akakitazama, akauliza kama mipaka ya Mombasa ingeweza kubaki imefungwa mpaka nywele ziote.

Kila asubuhi Mze Soilihi akifika huniuliza, "Habari za kuamka?" nami hujibu njema. Siku nane, njema nane. Siku ya thelathini mkanda ufaao ukaja. Alipotunyoshea akasema, "Mbona mna haraka hivyo? Na kwenu nako kumefungwa. Mnakimbilia mlango uliotiwa komeo."

Njema zikaniishia.

"Nina msiba, mzee. Dada yangu aliyenilea. Leo ni siku ya thelathini, na nataka kuiwahi arobaini yake. Na tangu afe, hakuna aliyenipa mkono."

Ilikuwa kweli. Bi Inga alinipa samaki. Bhai Murtaza alinipa pole ya kutosha, lakini kwa kiwiko, akiwa nyuma ya plastiki. Na huku kwetu mtu akifiwa, mtu wa kwanza kupiga hodi hukupa mkono kabla hajatamka neno, na wa pili, na wa mia. Mimi sikupewa hata mmoja.

Mze Soilihi akauweka upondo chini, akapiga kafi mara tatu, akashika ubavu wa mashua yetu, akanyosha mkono. Ufukweni askari akaanza kupuliza firimbi.

"Mola amrehemu," akasema. "Akupe subira."

Nikaushika. Ulikuwa mkono mkavu wa mtu mzima, wenye harufu ya sabuni ya kunyolea. Sikuuachia upesi. Ile firimbi ilipulizwa, ikapulizwa, ikachoka.

Alipokwisha kuondoka, Bhai Murtaza akanijia na chupa ya kitakasa mikono, akanimiminia mpaka kiwikoni. "Pole, Swaleh, pole ndugu yangu," akawa anasema, "lakini umetuua."

Siku tano za vanila

Mikate ilikwisha, tukabaki na mchele, maharagwe, samaki wa siki, na gunia la vanila. Bhai Murtaza alikuwa amepata nafuu ya tumbo, na mtu wa viungo akipata nafuu hataki kukaa mbali na sufuria. Tulikula maharagwe ya vanila. Tulikula wali wa vanila. Siku ya tatu akaitia kwenye samaki wa siki, na Bi Inga, mwanamke aliyevuka bahari kubwa peke yake, akaweka kijiko chini akaenda kukaa mbele ya mashua kwa saa nzima.

Nilisema Bhai Murtaza hakushika usukani. Si kweli kabisa, na sitaki kuandika uongo. Alishika dakika kumi, siku ya thelathini na mbili, mimi nilipokwenda kuswali. Niliposalimu, jua lilikuwa limehamia upande mwingine. Alikuwa anaturudisha Ngazija.

"Upepo wa huku ni laini zaidi," akajitetea.

Kusi ilikuwa inatusukuma vizuri, na mimi nilianza kuwa na matumaini. Bi Inga alisikia redioni kwamba Kenya karantini ni siku kumi na nne, lakini siku za baharini zinahesabiwa. Kuanzia Nosy Be, kwa hesabu hiyo, tulikuwa tumekwisha kutimiza na kupita. Bhai Murtaza akacheza ngoma ya mtu mmoja. Mimi nikatabasamu. Kisha nikaukumbuka mkono, nikaacha.

Mbele ya Mji wa Kale

Tuliingia mlangoni mwa bandari asubuhi ya siku ya thelathini na tano. Redio ikatuelekeza tutie nanga kwenye mkondo wa Bandari ya Kale na tusubiri. Ngome ya Yesu ikatupita kushoto, na mbele yake wale watembezaji wa wageni wamekaa ukutani mmoja mmoja, hawana mgeni hata wa dawa. Tukatia nanga. Nikainua macho nikaiona nyumba yetu. Dirisha la juu, la Rukia, lilikuwa wazi. Shangazi alikuwa amelifungua chumba kipate hewa.

Boti ya afya ikaja. Afisa alikuwa msichana wa kutoka bara, jina lake Nekesa, kavaa koti jeupe na kipaza sauti mkononi. Akatazama juu ya mlingoti. Akasoma. Nikaona mabega yake yanatikisika kabla hajainua kile kipaza sauti.

"Chombo chenye mume," akasema, na sauti ikagonga kuta za mji mzima, "mko wangapi?"

Akatuuliza hali, homa, kikohozi. Kisha akauliza, mmoja mmoja, ni lini mara ya mwisho mtu alipokutana na mtu asiye wa chombo hiki. Bi Inga akasema, Nosy Be, siku ya kuondoka. Bhai Murtaza akasema, Nosy Be, siku ya kuondoka. Kisha akaninong'oneza bila kugeuza shingo.

"Sema Nosy Be. Swaleh, nyumba yako ile pale. Dirisha naliona. Sema Nosy Be, tushuke tukasome arobaini."

Na mimi dirisha nililiona.

"Siku ya thelathini," nikasema.

"Thelathini ya mwezi gani?" akauliza afisa.

"Ya dada yangu."

Ikabidi nimweleze yote. Kipaza sauti alikishusha, akawa ananisikiliza tu. Nilipofika kwenye mkono, Bhai Murtaza aliketi chini kama gunia lililokatwa kamba. Nekesa akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Zimepita siku tano, mzee. Zimebaki tisa. Na mko pamoja, kwa hiyo ni nyote." Kisha akauliza: "Arobaini ni lini?"

"Siku tano kutoka leo."

"Ungesema Nosy Be, ningewashusha sasa hivi. Nani angejua?"

"Ndio mkono pekee niliopewa, mwanangu. Siwezi kusema haukuwepo."

Akatazama maji. Akaandika siku tisa. Kwa haki yake niseme, aliandika polepole sana.

Bhai Murtaza hakunisemesha siku tano. Nyinyi mnaomjua mtaelewa uzito wa jambo hilo. Alipotaka chumvi alimwambia Bi Inga, na Bi Inga akaniambia mimi: "Bwana Murtaza anaomba umpatie chumvi, ingawa bado amekasirika."

Mji wa Kale nao hauna siri. Saa moja baada ya kutia nanga, Shangazi Zuhura alikuwa ukutani kando ya maji, mikono kiunoni.

"Swaleh! Umekonda!"

"Sijakonda, shangazi!"

"Umekonda! Na huyo Murtaza kichwa kimefanywa nini? Ameanguka?"

Watu wakaanza kuja kutusalimu kama tumelazwa hospitali. Mke wa Bhai Murtaza alikuja, akamtazama mumewe kwa umbali, akageuza uso, na mabega yake yakatikisika kama ya yule afisa. Boti ya afya ilituletea kapu asubuhi na jioni, mbaazi na mahamri, viazi vya karai, na mara moja samaki wa kupaka ambaye Bi Inga alimla akifumba macho. Mtembezaji mmoja wa Ngomeni, kwa kukosa kazi, alianza kuwaelezea wapita njia historia yetu. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema kwamba mwanamke yule mweupe ametoroka na mume wa mtu Maore, na leso ndiyo ushahidi.

Arobaini

Asubuhi ya siku ya arobaini nilijuta. Naandika hivyo kwa sababu baadhi yenu mmenisifu. Niliamka nikaliona dirisha, nikajiambia, Swaleh, neno moja tu, na sasa hivi ungekuwa unatandika majamvi. Nilijuta kweli, na kama Nekesa angekuja saa ile akaniuliza upya, sijui ningejibu nini.

Saa tatu Shangazi akatokea ukutani.

"Swaleh! Ndani ya nyumba tumeruhusiwa watu kumi na tano tu! Wanne ni wapishi! Babu yako akipewa juzuu moja ataimaliza Ijumaa ya wiki ijayo! Wasomaji hawatoshi kwa juzuu thelathini!"

"Sasa?"

"Sasa soma! Msahafu unao? Ishirini na moja mpaka ishirini na tano ni zako! Simu iwe wazi, tuombe dua pamoja!"

Nikasimama kama mtu aliyeitwa jina darasani. Bhai Murtaza alikuwa nyuma yangu. Akakohoa.

"Na mimi?" akapiga kelele. "Mimi si mtu?"

"Wewe soma mbili, Murtaza! Lakini usizikimbize!"

Hapo ndipo aliponigeukia kwa mara ya kwanza tangu siku ya kufika. "Rukia alinunua iliki kwangu miaka ishirini," akasema. "Hakuna siku hata moja aliyokubali bei. Sogea, nipe nafasi."

Bi Inga akavaa nguo ndefu, akajifunga kitambaa kichwani, akauliza yeye atafanya nini. Nikamuuliza Shangazi. Shangazi akafikiri.

"Ashike chetezo! Afukize ubani!"

Ubani ulikuja kwenye kapu. Chetezo hatukuwa nacho, basi Bi Inga akatia makaa kwenye kikaango, akasimama nyuma ya mashua amekishika kwa mikono miwili, amenyooka kama mlingoti. Mimi na Bhai tukaketi kwenye turubai tukaanza kusoma. Ubani ulikuwa mwingi. Shangazi hana kipimo. Baada ya robo saa moshi ulikuwa umefunika nusu ya mashua, na Bi Inga akawa haonekani kuanzia kiunoni kwenda juu.

Nikasikia ving'ora. Boti ya doria ilikuwa inatujia kwa kasi, mbele yake mtu ameshika mpira wa maji wa kuzimia moto.

"Chombo kinaungua! Rukeni! Rukeni!"

"Tafadhali msitumwagie maji," ikatoka sauti ya Bi Inga ndani ya moshi. "Hii ni ibada."

Mwenye mpira akasita, lakini maji yalikuwa yamekwisha kutoka. Yalimpata Bhai Murtaza katikati ya aya. Hakusimama. Mtu yule, aliyekuwa akilalamikia umande, aliinua msahafu juu ya kichwa chake ukabaki mkavu, akaendelea kusoma kwa moyo huku maji yanamtiririka puani. Sijamwambia mpaka leo, lakini siku ile nilimpenda.

Watu wa doria walipoelewa, walizima injini. Wakavua kofia. Wakakaa pale, boti yao ikielea kando yetu, mpaka tukafika kwenye dua. Simu ilikuwa imewekwa juu ya debe. Nikawasikia watu wa nyumbani wakisema amina, na mara moja nikaisikia amina ile ile mara mbili, kwenye simu, na tena kutoka dirishani, ikivuka maji ikiwa imechelewa kidogo.

Pilau ililetwa mchana. Shangazi alipeleka sahani nne kwa watu wa doria pia, na ujumbe kwamba wakati mwingine watazame vizuri.

Nchi kavu

Siku ya arobaini na nne Nekesa alituteremsha. Bhai Murtaza alibusu ngazi ya bandari, akakumbuka vijidudu, akafuta mdomo kwa kitakasa, akalia kwa uchungu wa kitakasa. Mke wake alimpokea na kofia. Bi Inga aliagana nasi kwa hotuba fupi iliyokuwa na "ewe" mara tatu. Yuko Liwatoni sasa, anarekebisha tangi, na kila Ijumaa hula kwa Shangazi.

Mimi sikwenda nyumbani kwanza. Nilikwenda makaburini. Mlinzi alinionyesha mahali, nikamwombea Rukia, nikaketi. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Madagaska, mazuri sana, yakapotea yote. Basi nikaanza kumsimulia safari, kwa mpango, kituo baada ya kituo, kama nilivyowaandikia nyinyi. Nilipofika kwenye kichwa cha Bhai Murtaza na kinyozi anayepiga kelele kigalawani, kicheko kikanishika. Nikainama, mabega yakitikisika, nikishindwa kujizuia.

Mlinzi akaja mbio na kopo la maji. "Pole, mzee. Lia, lia tu, usione haya."

"Silii," nikamwambia. "Nacheka."

Akanitazama kwa huruma, akaona msiba umenipanda kichwani. Maji nikayanywa kwa sababu nilikuwa na kiu. Kisha nikaendelea kumsimulia Rukia, doria, moshi, pilau, mpaka nikafika palipobaki. Nikamwambia, Rukia, siku yako sikufika. Nilikuwa pale majini, dirisha lako naliona, na sikufika.

Hapo mlinzi hakuwa amekosea tena. Aliketi kando yangu, akanishikia kopo mpaka nilipomaliza.